Ratiba ya Taa Isipotii: Jinsi ya Kutafuta Kasoro katika Nyumba Janja

Tarehe 7 Desemba 2021, vituo vya kompyuta vya Amazon vilivyoko kaskazini mwa Virginia, Marekani, vilipata hitilafu iliyodumu kwa saa kadhaa. Wenye mashine za kufagia za Roomba wakashindwa kuziamuru kwa simu. Kengele za mlangoni za Ring, zile zenye kamera, zikaacha kuitikia. Umeme ulikuwepo, ruta zilikuwa zinawaka, na vyombo vyenyewe vilikuwa vizima. Kilichokosekana ni amri, kwa kuwa ilikuwa inapita Virginia kwanza ndipo irudi sebuleni.

Tarehe 12 Mei 2024 ikawa zamu ya Afrika Mashariki. Nyaya mbili za mawasiliano zinazopita chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya, Uganda na kwa majirani. Mwenye taa ya geti inayosubiri amri kutoka seva ya ng'ambo angeweza kukaa gizani siku hiyo huku mita yake ina uniti tele.

Matukio makubwa kama hayo hutangazwa. Kinachowachosha watu zaidi ni kasoro ndogo isiyoeleweka: taa inawaka yenyewe siku nne, ya tano inanyamaza, ya sita inawaka tena kana kwamba hakuna lililotokea. Wengi huishia kufuta ratiba na kuiandika upya, au kununua plagi nyingine. Njia zote mbili hufuta ushahidi, na wiki inayofuata kasoro inarudi. Mwongozo huu una kazi mbili: kukusaidia kujua amri ilipotelea wapi, kisha kuandika ratiba isiyoharibika kwa sababu tu umeme ulikatika dakika mbaya.

Nani anashika saa?

Ratiba ya "washa taa saa 18:30" inaonekana kuwa kitu kimoja, kumbe ina safari ya hatua tatu. Lazima mahali fulani pawe na kitu kinachotambua kuwa 18:30 imefika. Lazima amri isafiri hadi kwenye plagi au swichi. Halafu plagi yenyewe itii na kupitisha umeme. Hatua yoyote ikikwama, wewe unaona jambo lilelile: giza.

Hatua ya kwanza ndiyo inayosahaulika sana. Mshika saa anaweza kuwa ndani ya kifaa chenyewe. Swichi za Shelly, kwa mfano, au zilizowekewa programu huria ya Tasmota, huhifadhi ratiba katika kumbukumbu yao. Anaweza kuwa kompyuta ndogo iliyoko nyumbani, mathalani Raspberry Pi yenye Home Assistant, programu huria iliyoanzishwa na Paulus Schoutsen mwaka 2013. Au anaweza kuwa seva ya kampuni iliyotengeneza kifaa, katika nchi nyingine kabisa.

Tofauti hii ina uzito. Aprili 2022 kampuni ya Insteon ya Marekani ilizima seva zake bila kuwaarifu wateja, na waliotegemea programu yake ya simu wakaamka haifanyi kazi. Kabla ya kutafuta kosa lolote, jua saa ya nyumba yako inashikwa na nani.

> KISANDUKU: JARIBIO LA KUMJUA MSHIKA SAA
>
> 1. Chagua taa, kamwe si pampu wala hita. Iwekee ratiba ya kuwaka dakika kumi zijazo.
> 2. Kata intaneti lakini acha ruta ikiwaka. Kama ni ya waya, chomoa waya unaoingia kutoka nje. Kama ni ya laini ya simu, toa laini.
> 3. Subiri. Taa isipowaka, mshika saa yuko nje ya nyumba. Ikiwaka, yuko ndani.
> 4. Kama iliwaka, weka ratiba nyingine, kisha zima ruta kabisa. Ikiwaka tena, ratiba inaishi ndani ya kifaa, au kifaa kinaongea na kituo chako, yaani ile kompyuta ndogo ya nyumbani, kwa njia nyingine ya redio kama Zigbee.
> 5. Usichomoe kifaa chenyewe wakati wa jaribio. Kukizima na kukiwasha kutavuruga saa yake na kukupa jibu la uongo.

Kosa husema limetoka wapi

Ukikaa na kosa kwa siku chache bila kuligusa, utaona lina tabia yake. Fundi mzuri huanza hapo.

*Taa inawaka, lakini kwa tofauti ya saa sita kamili.* Aliyeandika ratiba alifikiri kwa saa ya Kiswahili na mashine ikafikiri kwa saa 24. Saa moja usiku ni 19:00. Mtu akiandika 01:00, taa itawaka saa saba usiku watu wamelala. Kosa hili hutokea hasa pale mtu mmoja anapomwagiza mwingine kwa simu aweke ratiba. Kubalianeni kuandikiana kwa saa 24 tu.

*Tofauti ya saa kumi na mbili.* Programu ya simu inatumia AM na PM. Badilisha simu itumie saa 24.

*Tofauti ya saa moja, mbili au tatu kamili.* Kanda ya saa imekosewa. Afrika Mashariki iko saa tatu mbele ya saa ya dunia, UTC, mwaka mzima. Oman iko saa nne mbele. Uingereza hubadili saa mara mbili kwa mwaka, Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba, hivyo tofauti yake na Dar es Salaam huwa saa mbili majira ya joto na saa tatu majira ya baridi. Mtu aliyeko Leicester anayeendesha nyumba ya wazazi Tanga kwa akaunti aliyoifungua kwa simu yake ya Uingereza anaweza kuona ratiba nzima ikihama kwa saa moja usiku mmoja wa Oktoba. Ingia kwenye mipangilio ya nyumba ndani ya programu, uhakikishe eneo ni Tanga na kanda ya saa ni Africa/Dar_es_Salaam, au Africa/Nairobi kwa nyumba iliyoko Kenya.

*Inachelewa au kuwahi kwa dakika chache, na pengo linakua.* Saa ya kifaa inateleza kwa sababu haijasawazishwa na mtandao kwa muda mrefu.

*Taa nne zinatii, ya tano haitii, na kesho inakuwa nyingine.* Saa iko sawa. Shida ni mawasiliano.

*Kila mara ni baada ya umeme kukatika.* Hili lina sehemu yake hapa chini, kwa kuwa ndilo linalowasumbua watu wengi zaidi kwetu.

Hatua za uchunguzi

Zifuate kwa mpangilio huu. Ukiruka hatua, utabadilisha kisichohusika.

1. Usiguse kitu kwanza. Andika tarehe, saa iliyotarajiwa, kilichotokea, na kama umeme au intaneti ilikatika saa chache kabla. Waulize waliokuwa nyumbani. Mara nyingi dada wa kazi au mlinzi ndiye anayejua kuwa swichi ya ukutani ilizimwa.

2. Washa kifaa kutoka kwenye simu. Kikikataa, ratiba haina kosa. Nenda moja kwa moja hatua ya tano. Kikikubali, endelea.

3. Soma kumbukumbu. Programu nyingi za simu zina ukurasa wa historia unaoonyesha kama ratiba iliendeshwa. Katika Home Assistant fungua ratiba husika, kisha sehemu iitwayo Traces. Pana picha ya kila hatua. Kama hakuna rekodi ya 18:30, kichocheo hakikufyatuka: tafuta kosa kwenye saa, au mfumo ulikuwa umezimika. Kama rekodi ipo lakini imeishia kwenye sharti, sharti lako ndilo lililozuia. Kama imekwenda hadi mwisho na taa haikuwaka, amri ilipotelea njiani. Mfumo huhifadhi rekodi tano za mwisho tu kwa kila ratiba. Kwa ratiba inayofyatuka mara kwa mara, ushahidi wa usiku utakuwa umefutika asubuhi. Ongeza idadi hiyo hadi 20 wakati unachunguza.

4. Linganisha saa. Tazama saa ya mfumo, kisha saa ya simu. Zikitofautiana hata kwa dakika mbili, mfumo haupati saa ya mtandao. Hakikisha ruta haizuii huduma ya NTP, ambayo hutumia mlango 123.

5. Kagua mawasiliano. Plagi nyingi za Wi-Fi zinaelewa masafa ya 2.4 GHz pekee. Simu yako kushika intaneti vizuri kwa 5 GHz ukiwa getini hakuthibitishi kwamba plagi ya getini nayo inashika. Kama mfumo wako hukitafuta kila kifaa kwa anwani yake ya mtandao wa ndani, kitengee anwani hiyo kwenye ruta isibadilike. Ruta ikizimwa na kuwashwa inaweza kugawa anwani upya, na mfumo ukabaki kugonga mlango wa jirani.

6. Jaribu kwa mfululizo. Tengeneza ratiba ya muda ya kuwasha na kuzima taa moja kila baada ya dakika tano kwa jioni nzima. Kasoro inayojitokeza mara moja kwa wiki itajitokeza mara kadhaa kwa saa chache, nawe utaweza kuiona.

Wanaotumia Zigbee wana jambo moja zaidi la kuangalia. Katika mtandao huo, vifaa vilivyounganishwa na umeme hupokezana ujumbe. Vya betri havipokezi. Mtu akizima taa janja ya korido kwa swichi ya ukutani, amekata njia ya sensa ya chumba cha nyuma pia. Isitoshe, mwaka 2012 Intel ilieleza kwa vipimo jinsi milango ya USB 3.0 inavyotoa kelele za redio katika masafa ya 2.4 GHz, masafa yaleyale ya Zigbee. Kama kipokezi chako cha Zigbee kimechomekwa moja kwa moja kwenye mlango wa USB 3.0, kihamishe kwa waya wa nyongeza wa mita moja, mbali na kompyuta na ruta. Ni matengenezo ya bei ndogo kuliko yote katika mwongozo huu, na huwa yanamaliza tatizo lililoshindikana kwa miezi.

Umeme ukirudi

Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 sehemu kubwa ya Kenya iliingia gizani, na maeneo mengine yalingoja umeme hadi siku iliyofuata. Katika nyumba yenye ratiba, saa za giza zenyewe si tatizo kubwa. Tatizo huanza umeme unaporudi, kwa sababu tatu.

Kwanza, vifaa haviamki pamoja. Plagi huamka kwa sekunde chache, haikuti Wi-Fi, inaanza kutafuta. Ruta inaamka baada ya dakika moja au mbili. Raspberry Pi inakuja nyuma yake.

Pili, vingine huamka bila kujua ni saa ngapi. Raspberry Pi 4 na zilizotangulia hazina saa ya ndani inayoendelea kutembea umeme ukikatika. Raspberry Pi 5 inayo, lakini betri yake hununuliwa kando, na bila betri hiyo haisaidii. Mpaka intaneti irudi, mfumo unaweza kuamini kuwa bado ni saa ileile umeme ulipokatika. Swichi nyingi zinazohifadhi ratiba ndani yao nazo husubiri kupewa saa na mtandao.

Tatu, na hili ndilo kubwa: dakika iliyopita hairudi. Kama Home Assistant ilikuwa imezimika saa 18:30, ikiamka 18:50 haitakumbuka kuwasha taa. Vilevile amri ya "subiri dakika kumi kisha zima" hupotea mfumo ukizimika katikati. Taa ya stoo itabaki ikiwaka hadi mtu aione.

Kwa hiyo ratiba nzuri ya nyumba ya kwetu isiandikwe kwa kutegemea dakika moja. Iandike iulize: *kwa sasa, kifaa hiki kinapaswa kuwa katika hali gani?* Kisha iulize swali hilo kila panapotokea sababu.

> KISANDUKU: RATIBA INAYOJISAHIHISHA
>
> Vichocheo vinne:
> - saa 18:30
> - saa 06:15
> - Home Assistant inapomaliza kuwaka
> - plagi inapotoka hali ya "unavailable" na kupatikana tena
>
> Kitendo kimoja: kama sasa ni kati ya 18:30 na 06:15, washa taa. Vinginevyo, zima.
>
> Umeme ukirudi 18:50, kichocheo cha tatu au cha nne kitafyatuka na taa itawaka. Ukirudi saa 09:00, taa iliyobaki ikiwaka itazimwa.

Kwa anayetumia programu ya simu isiyo na vichocheo vya namna hiyo, kuna njia duni kidogo inayofanya kazi: rudia amri. Weka "washa" saa 18:30, 18:45, 19:15 na 20:00. Taa iliyokwisha kuwaka haidhuriki kwa kuambiwa iwake tena.

UPS ndogo kwa ajili ya ruta na kituo cha mfumo inastahili fedha zake. Hivyo viwili vinatumia umeme mdogo, na vikibaki hai, sababu zote tatu hapo juu zinapungua makali. Pia inalinda kadi ya kumbukumbu ya Raspberry Pi, ambayo inaweza kuharibika umeme unapokatika ikiwa katikati ya kuandika.

> TAHADHARI: PAMPU, HITA NA PASI
>
> Watu wengi huanza na taa, wakifurahi huhamia kwenye pampu ya kujaza tangi. Hapo ratiba iliyokosa kuzima inaweza kuunguza pampu inayozunguka bila maji, au kufurisha tangi hadi maji yamwagike.
>
> - Mota inapoanza huvuta mkondo mara kadhaa ya ule wa kawaida. Plagi iliyoandikwa 10A inaweza kung'ang'ania ndani ikabaki imewaka hata ikiamriwa kuzima. Mpe fundi umeme mwenye leseni kazi ya kuweka kontakta, na plagi iamuru kontakta hiyo tu.
> - Amri ya kuzima isitoke mbali. Weka kikomo cha muda ndani ya swichi yenyewe, ili ijizime baada ya, tuseme, dakika 40 hata kama intaneti na kituo vimekufa.
> - Swichi ya boya kwenye tangi ibaki mahali pake. Ratiba haichukui nafasi yake.
> - Katika mipangilio ya plagi, chagua ibaki imezimwa umeme unaporudi. Kwa taa ya nje unaweza kuchagua irudi katika hali iliyokuwa nayo.
> - Pasi na hita zisizo na mtu karibu zisiwekewe ratiba ya kuwaka.

Jua linapotua, na siku inapoanza

Ratiba inayofuata machweo ni ya lazima London, ambako jua hutua kabla ya saa 16:00 katikati ya Desemba na baada ya 21:00 mwezi Juni. Dar es Salaam au Mombasa tofauti ya mwaka mzima haifiki saa moja, hivyo saa ya kudumu inatosha na ina mahali pachache pa kukosea.

Ukiamua kutumia machweo, kagua alama ya kutoa katika latitudo. Dar es Salaam iko karibu -6.8, 39.28. Ukisahau alama hiyo, mfumo utahesabu jua la kusini mwa Ethiopia, upande wa milima ya Bale, na taa zitawahi au kuchelewa kwa dakika zinazobadilika mwezi hadi mwezi. Hilo ni gumu kulinasa kwa sababu kosa ni dogo na halifanani.

Kuna pia mpaka wa siku. Mtu anayesema "Ijumaa usiku mpaka alfajiri" anafikiria usiku mmoja, lakini mashine hubadili siku saa 00:00. Sharti la "Ijumaa tu" litazuia kitendo cha saa 02:00 cha usiku huohuo, kwa kuwa hapo tayari ni Jumamosi. Kwa vitendo vya baada ya saa sita usiku, chagua siku inayoamkia.

Makosa yanayojirudia

- Ratiba moja kuwekwa mahali pawili: kwenye programu ya plagi na kwenye Home Assistant. Moja inawasha, nyingine inazima. Chagua mshika saa mmoja, futa nyingine.
- Ratiba yenye kusubiri ndani yake kufyatuliwa tena kabla haijaisha. Kwa kawaida Home Assistant hupuuza ufyatuaji wa pili. Badilisha hali yake iwe ya kuanza upya kama ndivyo unavyotaka.
- Sharti linalotegemea simu ya mtu kuwa nyumbani. Simu nyingi za Android huzima programu za nyuma ili kuokoa betri, na mfumo unadhani mtu hayupo. Iruhusu programu hiyo itumie betri bila kizuizi, au ondoa sharti.
- Kubadilisha mambo matatu kwa mpigo. Kosa likipona, hutajua dawa ilikuwa ipi; badilisha moja, subiri siku mbili.

Kabla ya kusafiri na kuiachia nyumba ijiendeshe

☐ Namjua mshika saa wa kila ratiba, na nimeandika kwenye karatasi iliyobandikwa karibu na mita.
☐ Kanda ya saa na eneo ni vya mahali nyumba ilipo, hata kama simu iko nchi nyingine.
☐ Nimezima swichi kuu kwa dakika tano, nikaiwasha, na kila taa ikarudi katika hali inayostahili bila mimi kuigusa.
☐ Nimefanya hivyo tena huku intaneti imekatwa.
☐ Pampu inajizima yenyewe, na nimeipima kwa saa ya mkononi.
☐ Aliyebaki nyumbani anajua kuwasha taa ya geti na pampu kwa mkono, na anajua swichi zipi za ukutani zisizimwe.